Kanuni Moja kwa Lugha Tatu

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya makontena kule Changamwe, Meneja wa Mifumo hakunipa hata kiti. Alinionyesha makontena mawili dirishani. "Hili lina asidi, lile lina dawa ya kusafishia maji. Yakikaa pamoja yakavuja, watu watavuta sumu. Kazi yako ni kompyuta ijue hilo."

Nikaanza kuandika maktaba ya kanuni hizo. Kwetu watu wa programu, maktaba si chumba cha vitabu; ni maagizo yanayoandikwa mara moja, programu nyingine zikayaazima. Waazimaji walikuwa watatu: ofisi ilitumia lugha ya programu iitwayo Python, lango la malori C#, na simu za madereva wa kreni Kotlin.

Ukaitishwa mkutano wa kuchagua lugha ya maktaba. Nikataka nyingine, iitwayo C. Ni kongwe na kali, ukiteleza kidogo inakuangusha, lakini karibu lugha zote zinajua kuazima maagizo yake. Wa ofisi wakanuna, wa lango wakanuna. Meneja Mkuu, muungwana wa Likoni asiyeweza kumuudhi hata paka, akaamua.

"Jamani, tusivunjiane heshima. Kila mmoja aandike kwa lugha yake. Kanuni si ni zile zile?"

"Zitaachana, mzee. Kesho mmoja atarekebisha, mwenzake asahau."

"Hatasahau, binti yangu, inshallah."

Tukanywa soda, tukapeana mikono. Watu wetu ni hodari wa suluhu. Hakuna aliyetoka na uchungu ila mimi.

Miaka ikapita, ikaja dawa mpya ya maji yenye jina geni. Ofisi ikaiongeza kwenye kanuni zake, lango likaiongeza. Simu za kreni zikasahauliwa. Katana, dereva wa kreni, akaishusha dawa hiyo kando ya asidi, palepale simu ilipomwelekeza. Makontena yakavuja. Alipona, mapafu yake hayakupona.

Mkutano mwingine ukafanyika. Mnadhani walichagua lugha moja? Waliunda kamati ya kukumbushana. Nilistaafu nakala za kanuni zimeongezeka kutoka tatu hadi nne, na vijana mnaoniuliza lugha ipi ni bora mnanichosha roho. Sina tena matumaini na mikutano.

Juzi nilikwenda Kisauni kumjulia hali Katana. Hawezi kupanda hata ngazi za kwake.

"Kwani dada," akaniuliza, "kompyuta hazikujua?"

"Mbili zilijua."

Akatafuta pumzi kwanza. "Na yangu?"

"Yako haikuambiwa, Katana."