Firigisi ya Kilimani

Rafiki yangu alikuwa na neno moja la kuniambia, na alikuwa na siku mbili tu za kulisema. Alimpenda dada yangu, yule anayenifuata kwa kuzaliwa. Jumapili jioni baba alikuwa ampe jibu mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuja kumposea kijana wake dada yangu huyo. Kabla jibu hilo halijatoka, rafiki yangu alihitaji mtu wa kumfikishia baba ombi lake, na kwa desturi zetu mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila mimi, kaka mkubwa. Haya yote yeye aliyajua. Mimi nilidhani tunakwenda kutembea.

Jina lake sitalitaja. Miaka ile serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo, tukavua tai, tukavaa abakosti, lile koti lisilotaka tai, tukaitana "citoyen", yaani mwananchi, hata na watu tuliokunywa nao uji utotoni. Rafiki yangu alikuwa na jina moja la kazini, jingine la kanisani, na la tatu ambalo mama yake alilitumia akikasirika. Nikichagua moja, mengine mawili yatanuna.

Tulikulia kambi moja ya wafanyakazi wa migodi, Likasi, mlango kwa mlango. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kuchimba shaba. Sisi ni watu wa hapa hapa, tulioikuta treni ikija. Mimi nilikuwa fundi kwenye karakana. Yeye alikuwa katika kikosi cha wapima mawe, wale wanaozunguka porini na nyundo na mifuko ya udongo. Tuligombana tangu tukiwa na meno ya utoto, na tuligombana vizuri. Kuku akichinjwa kwao au kwetu, firigisi tuliikata katikati kwa kisu, kisha kila mmoja akaapa kwamba nusu ya mwenzake ndiyo kubwa.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa siku ya radi, na kwamba radi hiyo ilikosa pa kulala ikaingia kwangu.

Ilikuwa mwanzo wa masika, wakati wanawake wanapokaa kando ya barabara na masinia ya uyoga, na kila alasiri mvua inaanguka bila kuomba ruhusa. Jumamosi hiyo tulimaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro ya mji, tukaondoka moja kwa moja na jembe langu begani kuelekea vilima vya upande wa Mulungwishi. Wazo lilikuwa lake. Alisema tumezeeka kabla ya wakati, hatupumui ila moshi wa kiwanda, twende tukalale kilimani siku moja kama watu huru. Nilibeba turubai, unga, na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Yeye alibeba mbabula, lile jiko dogo la bati, na mfuko wa makala alioufunga kwa nailoni mara mbili. Na kwenye kikapu alibeba kuku jike, mzima, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani chenye maua ya njano.

"Kuku ya nini?" nilimuuliza. "Shi tuko na samaki?"

"Samaki ni ya leo," akajibu. "Kuku ni ya maneno."

Mtu mwenye akili angeuliza maneno gani. Mimi nilicheka, nikamwambia kuku wake atachoka kabla yetu.

Tulipanda saa tatu nzima. Njia ilikuwa tope jekundu linaloshika kiatu na kukataa kukirudisha. Mara mbili rafiki yangu alisimama, akageuka, akafungua mdomo, akaniita, "Mon vieux..." Mara ya kwanza nilimwambia asinisimamishe kwenye mteremko, nitaanguka. Mara ya pili nilikuwa nimeshaanguka. Kuku akapiga kelele kikapuni, naye akamshikashika kwa upole niliouona wa ajabu, maana hakuwa mtu wa kubembeleza kitoweo.

Karibu na kilele tukafika mahali pazuri kuliko pote: uwanda mpana wa nyasi fupi, vijiua vidogo vya buluu, na mji wetu mbali chini, umefunikwa na moshi wake. Hakukuwa na mti hata mmoja. Nikatua mzigo.

"Hapa," nikasema.

Yeye akapiga nyasi kwa ncha ya kiatu. "Hapana hapa. Huku chini iko shaba, njo maana miti haioti. Tutafunga turubai ku nini? Na radi, je? Turudie kidogo, kule ku miti."

Alikuwa anasema kweli, na ilikuwa kazi yake kuijua kweli hiyo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa udongo huu, na mtoto wa udongo haambiwi na mgeni mahali pa kulala.

"Weye utanifundisha minye udongo ya kwetu?"

Akanitazama, kisha akacheka. "Bon. Udongo ni ya kwenu. Mvula ni ya batu yote."

Mvua ikamsikia. Hatujamaliza hata kukunjua turubai, ikaja kutoka upande wa Buluo, nyeupe, yenye mawe madogo ndani yake. Nguzo tulizokuwa nazo ni mbili: jembe la salongo na fimbo yake ya kutembelea. Tulizichomeka, tukafunga pembe mbili, pembe mbili nyingine tukazikalia. Kwa saa nzima tulikaa hivyo, magoti kidevuni, maji yakipita chini ya makalio yetu, kuku ameingizwa ndani ya koti langu akininyea tumboni. Nililaani mvua, nikalaani shaba, nikamlaani aliyebuni safari. Rafiki yangu alikuwa anacheka mpaka machozi. Nikaanza kucheka na mimi. Nikikumbuka siku niliyompenda mtu yule kuliko zote, nakumbuka saa hiyo, naye ameketi juu ya pembe ya turubai, maji yanamtiririka puani, anamwomba kuku radhi kwa niaba ya ukoo wangu.

Ilipopungua kuwa manyunyu, alifungua makala yake. Yalikuwa makavu. Alimchinja kuku, akamnyonyoa, akampika kwa chumvi na pilipili, mimi nikisonga ugali kwa kijiti. Nilikuwa natetemeka kwa njaa na baridi. Alipopakua, akachukua firigisi nzima, haikukatwa, akaiweka juu ya ugali wangu.

"Kamata. Ni ya weye."

Nikaila. Sikuuliza, sikushukuru, sikuacha hata kipande. Niliogopa atabadili nia.

Sasa, kwetu na kwao, hili ni jambo moja. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtu anayetafuta mke huja na kuku, na firigisi humpa yule anayemtaka ambebee neno lake. Asiyetaka kulibeba huisukuma pembeni, kwa adabu, na hakuna anayeaibika. Anayeila amekubali. Hata watoto wanajua. Niliijua desturi hiyo tangu nikiwa na miaka mitano, na nilikuja kuikumbuka nikiwa nalamba vidole.

Nilimtazama. Hakuwa anakula. Mikono ilikuwa magotini, kama mtu anayengoja ofisini.

"Ni juu ya dada yako," akasema. "Najua kesho baba anajibu. Minye siko na mutu mwingine wa kutuma. Iko paka weye, weye tu."

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema nimeshtuka, na hilo lilikuwa kweli. Ningeweza kusema naogopa, na hilo lilikuwa kweli zaidi: rafiki unamtukana na kugombania naye mfupa, shemeji unamtandikia mkeka na kuchagua maneno. Niliona anakuja kuchukua watu wawili kwa kuku mmoja. Lakini radi ile ya mama ikanipanda, nikasema neno ambalo nilikuwa nimelisikia mitaani, wala sikuwahi kudhani limelala ndani yangu.

"Ninyi mulikuja na treni. Siku moja mutarudia na treni. Na dada yangu atakaa wapi?"

Rafiki yangu alizaliwa hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, wiki tatu kabla yangu. Alishusha macho, akavuta sahani yake, lakini hakula.

Upepo ukarudi. Mvua ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Iling'oa fimbo, na turubai likapanda juu likipiga kama mlango. Rafiki yangu akasimama, akalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, akabaki amesimama hivyo nje, mgongo kwenye mvua. Mimi nilikuwa mkavu. Angeweza kuliachia, ningekuwa nimestahili.

Niliinamisha uso kwa aibu, na pale chini, kwenye manyoya, nikaona kile kipande cha kitenge. Kijani, maua ya njano. Krismasi iliyopita mimi mwenyewe nilimnunulia dada yangu kitenge hicho, na alishona gauni, na vipande vilivyobaki aliviweka katika bati la biskuti chini ya kitanda, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa.

"Anajua?" nikauliza kwa sauti, maana mvua ilikuwa inapiga kelele.

"Njo ye alinipa kuku," akasema. "Alisema, bila firigisi hautamuweza ule."

Dada yangu alinijua vizuri. Nikatoka nje, nikashika pembe ya pili. Tukasimama pamoja kama nguzo mbili za nyumba isiyo na mtu, tukilikinga jiko lisilowaka. Nilitaka kumwambia pole. Nilisema tu, "Kweli, hapa ni pabaya," naye akasema, "Kidogo," na mvua ilipotuacha tukahama kwenye miti.

Jumapili tulishuka asubuhi, tumelowa hadi kwenye mifupa. Kwetu nilimkuta baba ameketi ukumbini, ameshavaa kwa ajili ya mgeni wake wa jioni. Dada yangu alikuwa anafagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Nilipiga magoti nikalisema ombi lote, la nani na kwa nani, nikaongeza kwamba ni mtu wa Kasai, kana kwamba baba hakuwa jirani yao kwa miaka ishirini na mitano.

Baba akauliza, "Alikupa firigisi?"

"Alinipa, baba."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote."

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Basi weye ulishaitika. Minye nitakatala vipi? Mutoto yangu akule kitu ya watu, kisha minye niseme hapana?"

Ufagio ukaanguka kule nyuma. Mzee wa Lubumbashi alikuja jioni, akapewa jibu lake kwa heshima na chakula kizuri, akaondoka.

Walioana kiangazi kilichofuata. Yaliyonitisha yakatokea: akawa shemeji. Aliinuka nikiingia, alinipa kiti chenye mgongo, na kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwake firigisi ilikuja kwenye sahani yangu nzima, haijakatwa. Niliikosa nusu yangu ya zamani na ugomvi wake. Na lile neno la treni nililomtupia kilimani sikuliombea radhi. Mambo ambayo rafiki angeweza kuyazungumzia kwa chupa moja ya bia, mashemeji huyakalia kwa adabu. Nilijiambia amesahau. Wanangu na wanawe walikuwa wanakula sahani moja.

Kisha, mwishoni mwishoni mwa utawala ule, kampuni ya migodi ikiwa imekonda na watu wana njaa ya mtu wa kumlaumu, neno langu likatoka kwenye vinywa vya watu wengi kwa pamoja. Watu wa asili ya Kasai walitolewa katika nyumba zao. Walijaa stesheni ya Likasi, familia kwa familia, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Nilimtafuta rafiki yangu kati yao kuanzia asubuhi. Nililiona turubai kwanza. Ni lile lile la kilimani, nililowapa walipooana. Nilikitambua kiraka cha pembeni. Chini yake alikuwa ameketi dada yangu na watoto wanne, naye amesimama nje, anashika pembe moja, maana mvua ilikuwa inaanza.

Nilirudi nyumbani. Nilichinja kuku jike wa mwisho tuliyekuwa naye, mke wangu akampika, nikarudi stesheni na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Niliwapakulia watoto, nikampakulia dada yangu. Halafu nikatoa firigisi, nzima, nikamwekea yeye juu ya ugali.

Aliitazama muda mrefu. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Unaniomba nini?" akauliza.

"Ile neno," nikasema. "Ya kule ku kilima." Sikuweza kuendelea, nikalia mbele ya watoto wake.

Dada yangu akamnyooshea kisu, kwa mazoea ya kwetu utotoni. Yeye akakirudisha, akaichukua firigisi kwa vidole, akaila yote, wala hakunigawia.