Dubu wa Kiberiti

Tulipokuwa wadogo kule Pangani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona dubu. Kiboko tulimjua, maana alikuwa mtoni. Habari za simba zilitufikia kutoka Mkwaja. Komba alitulilia minazini kila jioni hata tukamzoea kama jirani. Lakini dubu alikuwa mnyama wa mfuniko wa kopo la biskuti. Kopo lenyewe lilikuwa la Mama Yona, na juu yake dubu alichorwa ameketi, amenyoosha miguu mbele, kama mzee anayengoja kahawa. Kwa kutazama mfuniko huo wasichana wa mtaa wetu walijifunza kufuma.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi siku zetu zilivyokuwa zimejaa. Asubuhi shule, adhuhuri muhogo wa nazi na kipande cha papa mkavu, kisha chuoni kwa mwalimu wa Kurani kusoma juzuu huku tukiyumba mbele na nyuma. Jua likipungua ukali tulicheza mdako kwa kokwa za kungu, au rede, na mpira wa rede tuliushona wenyewe kwa matambara. Ukifumuka tuliushona tena. Mjukuu wangu mpira ukimpungukia upepo huusukumia uvunguni, kisha huja kuniambia kwamba anaboreka. Neno hilo enzi zetu halikuwapo. Mtu angelitamka mbele ya Bibi, angelipewa ukindu asuke.

Bibi Mwanahawa, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa msusi wa mikeka, na maneno yake yalikuwa machache: "Kazi mbi si mchezo mwema." Nilipofika miaka kumi na moja aliniambia bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Mwantumu, Idi hii ikipita, uwanja wa rede basi. Ua wa nyumba hii utakutosha." Nilijua maana yake. Zuhura, jirani yetu, alikuwa amewekwa ndani mwaka uliotangulia. Tangu hapo tulimwona vidole tu, akichungulia juu ya ukuta wa makuti.

Palikuwa na njia moja ya kuendelea kutoka, nayo ilikuwa kazi ya mkono chini ya mwanamke mwenye heshima. Mama Yona alikuwa na heshima hiyo ijapokuwa hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mke wa karani wa shamba la mkonge. Kila Jumamosi alasiri aliketi barazani kwake akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, akiwafundisha wasichana kufuma kwa kulabu. Walioanza walifuma vitambaa vya meza. Waliokomaa walifuma dubu wadogo, ambao yeye aliwapelekea wake za mabwana wa lile shamba.

Tabu ilikuwa moja. Mama Yona alikuwa na kulabu nne na benchi la watu wanne. Nilipokwenda kuomba, nilisimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, Mama Yona."

"Marahaba, mwanangu. Benchi limejaa. Na kulabu hizi, ukitazama, kila moja ina mtu wake."

Zaina, binti wa fundi cherehani, alikuwa mmoja wa wale wanne. Alicheka. "Atafumia kidole!"

Mama Yona hakucheka. Alichukua kiberiti kitupu dirishani, akanitupia. "Njoo na kulabu yako mwenyewe, na dubu anayeingia humu mzima, masikio na miguu, kifuniko kifungike. Hapo nitakutafutia pa kukaa."

Nilimweleza Bibi. Alisuka safu nzima kabla ya kujibu. "Akikupokea kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nitakuacha uende Jumamosi. Asipokupokea, tusisumbuane. Na jambo moja: huyo mnyama usimtie macho. Nyumbani mwangu halilali sanamu lenye macho. Mwanasesere asiye na macho hana neno." Zilikuwa zimebaki Jumamosi tano.

Kabla sijaanza nilikwenda kuzitazama kulabu za Mama Yona kwa karibu, naye akaniruhusu kuzishika. Zilikuwa za chuma, kila moja imechongwa namba. Ajabu yake, namba ilivyopanda ndivyo kulabu ilivyopungua unene. Kwa dubu wadogo alitumia ile yenye namba kubwa kuliko zote. Mimi sikuwa na namba, basi nilijitungia zangu. Nilipata spoki tatu za baiskeli kuukuu, nikaomba tupa, nikazichonga ncha, kila moja unene wake, na kuziinamisha. Nene kuliko zote niliikata alama moja, ya pili alama mbili, nyembamba alama tatu. Nikachukua pia kipande cha boksi la majani ya chai. Kila uzi niliojaribu nilifuma nao kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, nikakifungia kwenye boksi na kuandika kando yake alama ya kulabu iliyotumika. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliogopa tu kusahau.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa sufu. Mama Yona alinipa mkono mmoja wa sweta alilokuja nalo kutoka baridi ya Lushoto, nikaufumua. Ulikuwa laini na ulifuata kulabu ya alama moja bila ubishi. Nilifuma kwa siku tatu. Dubu alipokwisha alikuwa mkubwa kama embe dodo. Zaina alimwona mkononi mwangu njiani.

"Mwantumu, umebeba nini?"

"Dubu."

"Dubu gani huyo? Hicho ni kiazi kilichoota masikio!"

Nilimjibu kwamba kiazi hicho kina masikio mazuri kuliko yake, tukaachana vibaya. Lakini nilipofika nyumbani niliandika kwenye boksi: uzi mnene, mnyama mkubwa, hata ufume vidogo namna gani. Nilikuwa nimedhani udogo unatoka kwenye kulabu. Unaanza kwenye uzi.

Basi nikaenda upande wa pili. Nilitumia uzi wa cherehani, mmoja, kwa kulabu ya alama tatu. Hapo kulabu ilikuwa nene kwa uzi. Vitanzi vilikaa wazi kama wavu, na sufi, ile pamba ya mti wa msufi, niliyomjazia tumboni ikachungulia kila tundu, kama mzee mwenye mvi kifuani. Nilipovuta kukaza, uzi ukakatika. Jumamosi ya pili ilikuwa imepita.

Aliyeniokoa ni Mjomba Athumani, ndugu wa mama, mshona nyavu. Nyavu za siku zile zilikuwa za pamba, na uzi wake ulisokotwa kwa nyuzi tatu. Alinikatia pima mbili. Niliusokotoa, nikatoa uzi mmoja mmoja. Huo ulikuwa unene niliokuwa nautafuta: mwembamba kuliko wa sufu, mgumu kuliko wa cherehani. Nilifuma dubu mdogo mweupe, nikamjaza sufi, nikamshona mgongo. Aliingia kwenye kiberiti, ila kifuniko kilikwama kwenye tumbo. Nilijiambia nitalibana baadaye. Kilichoniudhi zaidi ni weupe wake. Dubu wa mfuniko alikuwa wa kahawia, na Mjomba alikuwa na sufuria kubwa ya magome ya mkandaa, yenye maji ya kahawia, aliyochemshia nyavu zisioze. Nikamtumbukiza.

Wasomaji wangu wa pwani mmekwisha kucheka. Sufi hainywi maji. Dubu alielea. Nilimsukuma chini kwa kijiti, akaibuka upande mwingine. Mjomba aliacha nyavu zake akaja kutazama.

"Huyu mnyama wako hafi maji!" alisema. "Nipe nikae naye chomboni. Siku nikipinduka nitamkamata yeye."

"Mjomba, nisaidie."

"Nimsaidie nani, wewe au yeye? Yeye hana shida."

Nilipomtoa, tumbo lilikuwa la kahawia iliyokolea na mgongo mweupe kama nazi. Uzi uliolowa ulikuwa umejikunja kwa moto, kwa hiyo upande mmoja alikuwa amesinyaa na mwingine ametuna. Nilikaa juu ya rundo la nyavu nikalia. Mjomba aliniacha nilie kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimelifuata maisha yangu yote: "Sisi tunachemsha wavu mtupu. Samaki wanaingia baadaye."

Siku hiyo hiyo nilirudi mwanzo. Nilisokotoa uzi mwingine, nikauchemsha ukiwa mtupu, nikauanika kivulini siku mbili. Ulipokauka ulikuwa umejikaza, umekuwa mfupi na mgumu, wa rangi ya mkate uliokolea moto. Nikaujaribu kwa kulabu zangu zote tatu na kufunga vipande kwenye boksi. Alama moja: ovyo. Alama mbili: matundu. Alama tatu: karibu, lakini si sawa, maana kitanzi kilibaki na nafasi ya kupitisha punje ya mtama. Nikaichonga spoki ya alama tatu iwe nyembamba zaidi. Chuma kile kilikuwa laini. Kwenye mzunguko wa pili ikapinda kama mkunjo wa sikio. Nilikuwa sasa na uzi sahihi bila kulabu, na Jumamosi moja tu.

Niliketi uani na boksi langu mapajani, nikisoma vile vipande kama mtu asomaye juzuu. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu. Alinyoosha mkono, nikampa boksi. Aliligeuza huku na huku. Alikuwa hajui kusoma herufi, lakini zile alama zangu za mikato alizielewa upesi kuliko mwalimu yeyote.

"Hiki kimefumwa kwa hii," alisema. "Na hiki kwa hii. Na hapa ndipo ulipokwama."

"Ndiyo, Bibi. Nataka chuma chembamba kisichopinda."

Aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na sindano yake ya kushonea mikeka, aliyoachiwa na mama yake. Ilikuwa ya chuma cha zamani kilichong'arishwa na vidole vya wanawake wawili. Nilimwona akiipeleka kwenye jiwe la kunolea. Nilipaza sauti, "Bibi, hiyo ni ya mikeka!"

"Nyamaza. Kwani mikeka inakwenda wapi? Nitaazima kwa mama yake Zuhura."

Alilisugua tundu la sindano upande mmoja mpaka ukingo wake ukakatika. Sehemu iliyobaki ilisimama kama ukucha wa ndege. Aliilainisha kwa mchanga mkavu, akaipitisha kwenye nywele zake kuona kama inakwaruza, akanipa. Alisema, "Usimtie macho," akarudi kwenye ukindu wake.

Nilifuma siku tatu. Kulabu ile ilishika uzi ule kama kwamba vilizaliwa pamoja. Vitanzi sita kichwani, kumi na viwili, kumi na vinane, kisha kupunguza. Sufi niliingiza kidogo kidogo kwa kijiti cha ufagio. Jumamosi ya mwisho ya Shaabani, Ramadhani ikikaribia, nilipanda ngazi za Mama Yona, nikaweka kiberiti magotini pake na kulabu juu yake.

Alikifungua. Dubu alikuwa ndani, miguu imefika ukingo mmoja, masikio ukingo wa pili. Alimtoa, akambonyeza tumbo, akamgeuza, akatafuta tundu lenye kuchungulia sufi. Hakuliona. Wasichana wote waliinua shingo.

"Hana macho!" alisema Zaina. "Kamleta kipofu!"

Mama Yona alinitazama. "Mbona hukumtia macho, mwanangu? Uzi ulikwisha?"

Ningeweza kusema uzi ulikwisha. Nilisema, "Bibi yangu hakutaka. Na kulabu ni yake. Amekata sindano yake ya mikeka."

Aliichukua ile kulabu. Aliishika penye mwanga, akachukua uzi wake mwenyewe na kufuma vitanzi vitano, sita, saba. Nilisikia marobota ya mkonge yakipakuliwa barabarani. Kisha alimrudisha dubu kitandani mwake mwa kiberiti, akasukuma kifuniko taratibu mpaka kikamfika kidevuni, kama shuka.

"Aliyelala nani humwona macho?" alisema. "Zaina, sogea."

Zaina alisogea, na tangu siku hiyo benchi la watu wanne likakaa watano kwa kubanana. Idi ilipita. Uwanja wa rede niliuacha kama nilivyoambiwa, lakini kila Jumamosi nilitoka mlango wa mbele, kulabu yangu imechomekwa kwenye khanga, na Bibi hakuniuliza ninakwenda wapi.

Leo wasichana huja kwangu kujifunza. Ni werevu, wala siwabezi. Lakini la kwanza wanaloniuliza ni "Kulabu namba ngapi?" Nikiwaambia tuanze na uzi, tuufue, tuuanike, tufume kipande tutazame, wanaangalia saa. Mmoja aliniambia, "Bibi, si useme tu namba?" Nilimwambia. Akarudi wiki iliyofuata na kiazi chenye masikio. Madukani dubu wamejaa, wakubwa kama mtoto wa miaka miwili, wana macho ya plastiki yanayong'aa na hayaangalii mtu. Watoto huwapenda siku mbili.

Mimi sasa ninazo kulabu za namba zote, katika kopo langu mwenyewe la biskuti. Kwa dubu wa kiberiti hutumia sindano ya Bibi. Yeye ametangulia miaka mingi, na nyumbani mwangu hakuna tena wa kunikataza macho. Kila ninapofika pale usoni husimamisha mkono, nikangoja kidogo, kama mtu anayetega sikio. Kisha nasukuma kifuniko.