Rozalia Aliyemshinda Baba

Baba yangu, Mzee Abdulatif, alikuwa fundi boti hapa Ujiji, na kwa ukorofi hakuwa na mpinzani. Nasema hivyo mimi mwanawe wa kumzaa. Kwa hiyo alipotokea mwanamke akamshinda kwa ung'ang'anizi, mtaa mzima ulibaki mdomo wazi, mimi nikiwa wa kwanza.

Jina lake Rozalia. Alivuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, mwishoni mwa mwaka tisini na sita, vita vilipowafukuza yeye na wenzake. Boti yao ilivuja njiani. Mwanawe Emmanueli, mtoto wa miaka sita, hakufika. Wenzake walipoanza kuuza dagaa, yeye alikwenda moja kwa moja kwa Baba ufukweni.

"Shikamoo Mzee. Niko nataka unifundishe kuziba boti."

"Marahaba. Hii si kazi ya wanawake. Nenda zako."

Akaenda, kesho yake akarudi. Siku kumi na tisa mfululizo! Alisimama juani, akaokota pamba ya kuzibia iliyodondoka, akaikung'uta mchanga na kuirudisha kikapuni. Siku ya ishirini Baba alimtupia nyundo na patasi miguuni huku akifoka. Nilidhani anamfukuza, kumbe ndiyo kamwajiri.

Alimfundisha kusokota pamba, kuilowesha mawese na kuishindilia katikati ya mbao. Mara nne aliing'oa kazi yake yote mbele za watu. Kusifu hakusifu hata siku moja. Lakini kila mchana aliniambia, "Hasna, mpelekee ugali huyo msumbufu, asije akanifia kazini." Nikimwekea samaki mdogo wa mgebuka, Baba alibadilisha kimyakimya, akampa wake mkubwa.

Mwezi wa nne wa mafunzo alimkabidhi boti nzima aizibe peke yake, ya mvuvi mmoja aitwaye Bonaventura. Sasa Baba alikuwa na desturi yake: boti haikabidhiwi mpaka fundi awapandishe watu wake mwenyewe, awapeleke kwenye kina, bila kopo la kuchotea maji. Utoto wangu wote nimepandishwa hivyo mpaka nikachoka.

Asubuhi ile boti ilikuwa tayari inaelea. Baba aliingia nyumbani bila hata salamu, akamnyanyua Ummy wangu, miaka minne, uji bado mdomoni, akatoka naye. Nikamfuata peku. Nilipomwona anamweka mwanangu ndani ya boti ile, nilipiga kelele.

"Baba! Umepatwa na wazimu?"

"Fundi hupandisha watu wake," alisema. "Huyu ana nani hapa? Watu wake ni sisi."

Rozalia alimtazama Baba kama aliyepigwa kofi. Kisha akajitosa majini mpaka kiunoni, akamnyakua Ummy na kunirudishia mikononi.

"Si leo, Mzee. Pale chini ya benchi la nyuma nilifanya haraka. Unisamehe."

Nikasubiri matusi. Wallahi hayakuja, na hilo lilinishtua kuliko yote. Baba alisema tu, "Ivuteni juu," akaenda kukaa.

Rozalia aling'oa mwenyewe, akaziba upya kwa siku mbili. Siku ya tatu alibisha hodi kwetu.

"Dada Hasna, niko naomba mtoto."

Ningeweza kukataa, na nani angenilaumu? Lakini nilimbeba Ummy, na mimi mwenyewe nikapanda. Baba alikaa mbele. Rozalia alipiga kasia mpaka tulipokuwa hatuoni tena chini. Hapo akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye kila ungio la mbao, kutoka nyuma mpaka mbele, kisha akarudia. Kiganja kilikuwa kikavu.

Akaanza kulia kwa sauti, akimwita Emmanueli. Baba, ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza mtu, alichukua kasia na kutuzungusha polepole palepale kwenye kina. Hakuturudisha ufukweni mpaka Rozalia alipomaliza kulia.