Mume Wangu wa Miaka Saba

Nimepika katika hoteli moja hapa Juba kwa muda mrefu, hata wageni hudhani nilizaliwa huku. Kwetu ni Nyeri. Mume wangu alifariki, mwanangu wa pekee akahamia Uingereza, nami nikafuata kazi ilipokuwa. Sina la kulalamikia ila upweke, na huo haupikiki.

Mwanangu alipokuja Nairobi kikazi nilimwomba wajukuu kwa wiki moja. Nasema nilimwomba, lakini kusema kweli nilimgombeza mpaka akakubali. Msichana nilimwona mara moja akiwa mchanga, na mvulana nilimjua kwa simu tu. Nilitaka kitu kimoja: waondoke wakijua mimi ni wao.

Nikakodi basi dogo lililowahi kubeba wafanyakazi wa mashirika ya misaada kwenda vijijini. Lilikuwa na godoro nyuma, meko ya gesi na mapazia ya maua. Mchana tungezunguka mjini, jioni tungeliegesha katika ua wa hoteli na kulala humo humo, maana Juba si mji wa kulala kando ya barabara. Wenzangu jikoni walinicheka kwamba mama mzima anahamia garini huku ana chumba. Niliwaambia wivu hauna dawa.

Kwa mila yetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Kwa hiyo yule mvulana, wa miaka saba, ndiye mume wangu, na kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Nyanya humwita mjukuu bwana, humdai nyama na leso mpya, naye mjukuu hujibu kwamba amemchoka kikongwe asiye na meno, ataoa mwingine. Watu hucheka, na hivyo ndivyo tunavyopendana.

Basi alipotoka tu uwanja wa ndege nilimpokea kwa sauti ya kusikika hadi Gumbo, ng'ambo ya mto: "Mume wangu huyo! Umeniletea nini?"

Akarudi nyuma ya dada yake. Dereva wetu, mwenyeji aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi Uganda, akanisaidia kwa nia njema: "Bwana ya mama, ingia gari. Bibi yako nangoja."

Tulikwenda kwenye kaburi la kiongozi wa ukombozi, nikawaeleza jinsi watu walivyopigana miaka na miaka. Tukaenda kwenye kanisa kuu la zamani, tukavuka daraja la Nile. Kila mahali nilimtania. Bwanangu, ninunulie soda. Bwanangu, mbona hunishiki mkono? Msichana alicheka kidogo kidogo. Mvulana akawa ananitazama kwa makini. Nilijiambia atazoea, kwani maji hufuata mkondo.

Kwenye bustani ya michezo nilipanda naye bembea ya kuzunguka, goti likinilalamikia. Nikamwambia, "Leo ndiyo fungate yetu." Alishuka akilia, akaenda kumpigia baba yake kwa simu ya dada yake. Nilimsikia akisema: "Baba, mwambie Shosho mimi si bwana yake."

Mwanangu aliomba kuongea nami. "Mama, shuleni kwao wanafundishwa wasikubali mtu mzima awaambie maneno kama hayo. Tafadhali, acha." Huyo huyo ambaye nyanya yake alimwita bwana mpaka akaota ndevu! Nilitaka kumkumbusha. Nikasema sawa, nikamrudishia msichana simu yake.

Sikumtania tena. Siku zilizobaki nilikuwa mwelekezi tu: hapa ni hapa, pale ni pale, vaeni kofia. Nilikaanga chapati kwenye meko ya gari, wakala, wakasema asante kwa adabu ambayo ilinichoma. Dereva aliniuliza kwa nini mama iko kimya. Nikamwambia ni joto. Kulala na wajukuu wawili kwenye godoro moja na bado ukajiona uko peke yako, hilo sikuwa nimelijua.

Siku ya kuondoka, mhudumu wa ndege alikuwa anawasubiri. Msichana alinikumbatia. Mvulana alibaki amesimama, ameshika kamba ya begi lake.

"Shosho, bwana yako wa kweli yuko wapi?"

"Alikufa kabla hujazaliwa. Wewe una jina lake."

"Sasa unakula na nani?"

Nikamwambia hotelini watu ni wengi, chakula ni kingi, tena mimi ndiye mpishi.

"Hapana. Ukirudi nyumbani, unakula na nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nakula peke yangu.

Alitikisa kichwa polepole, uso wake mzito. "Nimefikiria kila siku," akasema. "Siwezi kukuoa, Shosho. Niko na shule. Pole sana."

Mimi sikosi jibu la utani, hata jikoni wananiogopa kwa hilo. Siku hiyo nililiweka kando. Nilimwambia asante kwa kunifikiria, asome kwanza. Mhudumu akamshika mkono, wakaingia ndani, nami nikalia pale mbele ya wapakiaji mizigo bila haya yoyote.