Suruali ya Khaki

Kila ninaponusa pasi ya makaa ikipita juu ya khaki, huingiwa na hasira kwanza, huzuni baadaye. Baba alikuwa na suruali moja ya kuendea mjini, ya khaki, yenye kiraka cheusi nyuma ya goti. Mama akiipiga pasi mpaka mkunjo wake ukaweza kukata embe. Nasikia neno lenyewe, suruali, asili yake ni Uajemi. Ile yetu haikusafiri mbali hivyo. Ilitoka miguuni mwa baba ikaingia miguuni mwa Mzee Faki, hapo hapo Mtambile.

Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa kabla ya adhuhuri. Aliyemwosha ni Mzee Faki, na kwetu nguo za maiti hupewa muosha. Mama akaingia eda, asitoke nje wala asionane na wanaume. Mimi, mtoto wa kike wa darasa la kwanza, nilipelekwa kwa shangazi Kisiwa Panza mpaka hitma ikapita, nikaambiwa baba amesafiri. Watu wazima hudhani uongo ni huruma.

Niliporudi nikatumwa chumvi dukani, nikakiona kile kiraka kinakwenda mbele yangu. Nikakimbia nikiita baba, nikaikumbatia ile miguu kwa nguvu zangu zote. Mzee Faki akageuka. Wanaume wa barazani walikuwa wakitazama, naye alipenda sana kutazamwa.

"Miye si babako," akasema. "Babako kesha kufa. Nimemwosha miye kwa mikono hii, nawe hujaambiwa?"

Barazani wakacheka. Mmoja akaniambia babako huyo anakwenda, mkimbilie, na watoto wenzangu wakalidaka neno hilo wakanitania nalo mwaka mzima.

Nikarudi nyumbani bila chumvi. Mama alikuwa amekaa chini kando ya dirisha, pazia limepandishwa kiasi cha kiganja. Kutoka pale huonekana miguu tu ya wapita njia. Nikamwambia huku nalia kwamba yule mwenye suruali ya baba si baba, ni Mzee Faki, nimemwona uso.

Akanipiga kofi ambalo sijapata kupigwa jingine mfano wake.

"Nani kakuuliza uso?" akasema.

Nilidhani kosa langu ni chumvi. Pazia likashushwa mpaka chini, na halikupanda tena hadi eda ikaisha.

Sasa nami nimezika mume, nimekaa ndani, nimejua. Mama alijua vizuri nguo zimekwenda kwa nani. Alizitoa kwa mkono wake. Lakini kila asubuhi suruali ile ilipita dirishani ikiwa na miguu ndani, naye akajiruhusu kutotazama juu zaidi. Mimi angalau nilikimbia nikaishika. Yeye eda ilimkataza hata kufungua mlango, nami nikaingia nikamnyang'anya hata ile miguu.