Makala Iliyorudi Kabungu

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, mvua ilinyesha Kabungu tangu alfajiri, ikakatika mchana. Matope hayakumzuia Daktari Specioza kufika kwa Malale, mfugaji wa Kisukuma. Makala ya daktari huyo kuhusu homa inayoletwa na maziwa mabichi ilikuwa imenukuliwa na watafiti wa nchi nyingi, na damu aliyoipima ilitoka kwa watu wa boma hili. Lakini hapa bado hakuna aliyechemsha maziwa, kwa kuwa waliamini kwamba yakichemshwa, kiwele cha ng'ombe hukauka.

"Hao wanaokunukuu," Malale alimtania, "wana ng'ombe wangapi?"

"Hawana hata mmoja, baba. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mkewe, Ng'washi, akamletea mgeni kibuyu cha maziwa mabichi ya ng'ombe wake mmoja. Kukikataa kungekuwa tusi. Specioza alikipokea kwa mikono miwili, kisha akaomba sufuria.

"Utamkausha ng'ombe wangu!" Ng'washi aling'aka.

"Mama, tuchemshe ya ng'ombe huyu mmoja tu. Akikauka, nakuletea mwingine, na ile makala naifuta."

Malale alicheka mpaka akakohoa. "Mpe sufuria, mke wangu. Ng'ombe wa bure huyo!"

Maziwa yakachemka, yakapozwa, na Specioza akayanywa yote mbele yao.

Usiku huo alilala hapo bomani. Kesho yake asubuhi aliingia zizini na Ng'washi, akamshikia ndoo chini ya ng'ombe yule yule alipokuwa akikamua, mpaka ikajaa. Akaibeba mwenyewe hadi jikoni, Ng'washi akiwa ametangulia kubandika sufuria.