Hedifoni Zilizozimwa Zilivyomtoa Maneno Mzee Haddow

Nimeona watu wakigombana na ndugu, na majirani, hata na polisi. Mzee Haddow ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akigombana na hedifoni zilizozimwa. Na akashindwa.

Tulieni niwasimulie.

Naitwa Leanne. Ni mwenyeji wa asili wa Australia, Queensland ya ndani huko, kwenye ng'ombe na vumbi. Mwaka mmoja makumbusho ya mji wetu yalimpa mtu wa kwetu maonyesho ayasimamie kwa mara ya kwanza, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikachagua kisa cha Kijito cha Farasi Watatu. Miaka mia na arobaini iliyopita, wazungu wa ng'ombe waliwapiga risasi watu wetu pale, alfajiri, wakiwa wamelala.

Ranchi ya akina Haddow ilianzia kwenye kijito hicho hicho. Wakaleta barua ya wakili: neno "mauaji" litoke kwenye maelezo ya ukutani, la sivyo tuonane mahakamani. Ushahidi uko wapi?

Ushahidi wangu ulikuwa mmoja. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, miaka themanini na nane. Bibi yake alikuwepo siku ile, binti wa miaka minane, kajificha kwenye matete. Nilimrekodi dakika nne akieleza alivyosimuliwa.

Bosi wangu, Graeme, akasikiliza, akafuta macho. Akasema sawa, kwa ajili ya sauti hii neno linabaki.

Siku sita kabla ya ufunguzi, Mama Mkubwa akafariki.

Kwetu mtu akifa, jina lake halitajwi, picha yake inafunikwa, na sauti yake inanyamaza mpaka familia iseme. Ndiyo maana hata hapa simtaji.

"Pole sana, Leanne," Graeme akaniambia. "Ila sauti ikizimwa, neno linatoka. Hapo sina ujanja."

"Na mimi ninao?"

Akajifanya anatafuta kalamu.

Nikaenda kwa Mama Mdogo Dulcie, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia. Nilimkuta na kikombe cha chai kilichokwisha poa.

"Mama Mdogo, siku moja tu. Ya ufunguzi."

"Unaniomba ruhusa, au unataka nikukasirikie taratibu?"

"Tukizima watasema tumezusha."

"Wanasema hivyo tangu sijazaliwa. Zima, mwanangu."

Jamani, nilikonda. Nikiiacha ile sauti isikike, sina uso wa kwenda kukaa msibani na ndugu zangu. Nikiizima, watu wa kijito wanafukiwa tena, safari hii kwa kidole changu mimi. Nilitamani hata mafuriko yaje yafunge barabara ya mji.

Nikazima.

Graeme akabandika karatasi ukutani mwenyewe, bila kuniangalia. Juu ya "mauaji" sasa palisomeka "mapigano". Mapigano gani, upande mmoja umelala?

Lakini kiti na hedifoni sikuviondoa. Nikaandika kibao: "Sauti hii iko msibani. Kaa nasi dakika nne."

Siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, mzee Clive Haddow akaingia na kofia yake pana. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kile kiti, akavaa hedifoni. Mama Mdogo Dulcie alikuwa ameketi pembeni yake. Ukumbi umejaa.

Dakika ya kwanza alitulia. Ya pili akaanza kuzigongagonga.

"Hazisemi kitu hizi."

"Soma kibao, Clive," Mama Mdogo akamwambia. Wanajuana. Usichanani Mama Mdogo alikuwa akifua nguo kwa akina Haddow.

Akanigeukia mimi. "Wewe binti, alisema nini?"

"Siruhusiwi kusema, mzee."

"Alitutaja?"

Nikanyamaza. Mila imenifunga mdomo, yeye anadhani namfanyia jeuri. Uso ukamwiva.

"Najua alichosema. Arobaini, hamsini. Nyie hamjui kusimulia bila kuongeza chumvi. Walikuwa kumi na tisa. Babu alimwambia baba, baba akaniambia mimi. Kumi na tisa, bila kuhesabu watoto."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Yeye mwenyewe alichelewa kujisikia.

Mama Mdogo akamuuliza polepole, "Na watoto walikuwa wangapi, Clive?"

Mzee akavua hedifoni akaziweka mapajani. Mpaka leo hajajibu.

Mchana ule ule Graeme akabandua karatasi yake, neno likarudi. Watu wakanipa mikono. Nikaenda kujifungia chooni, nikalia kwa hasira. Sisi tumesema miaka mia na arobaini, tukaitwa waongo. Yeye kasema mara moja, na kwa kuropoka, ukuta ukabadilika.

Sasa familia imeniruhusu kuwaambia jambo moja. Ile rekodi haina idadi yoyote. Jina la Haddow halimo kabisa. Mama Mkubwa alieleza milio ya bunduki, matete, na bibi yake alivyotembea siku mbili akimtafuta mama yake. Basi. Wakili angeipangua akiwa anakunywa chai. Yale aliyoyabishia mzee alikuja nayo mwenyewe kutoka kwao.

Funzo langu ni hili. Mtu akikubana utoe ushahidi, kabla hujahangaika, muulize kama yeye hana. Wengine wanao nyumbani, na wameukalia miaka yote.